Jiwe la Mita Kumi na Moja

Dar es Salaam
12 Juni 1994

Dada Dorcas,

Shikamoo. Natumaini Mwalimu Nestory, anayetupokelea barua, atakukabidhi barua hii kabla hajaisoma mwenyewe.

Nina habari mbili. Ya kwanza ni mbaya na nimekuficha tangu Machi: nimepunguzwa kazini. Miaka kumi na tisa nimechimba visima vya serikali, kutoka Mtwara hadi Mara, mwisho wake nimepewa kiinua mgongo na cheti chenye mhuri. Usilie. Tuko wengi, na wapo waliotoka bila hata hicho cheti.

Ya pili ni nzuri. Nimekutana na Bwana Farouk, yule mwenye duka la baiskeli na vipuri hapo mjini Mwanza. Anasema watu wa Pasiansi wanaamka wakiliona ziwa dirishani, na bado hawana maji ya kumwogeshea mtoto. Mabomba yanakoroma tu. Mara umeme, mara pampu, mara magugu maji yameziba. Penye miti hapana wajenzi. Mtu akiwa na kisima kirefu, tangi na boza moja, Dada, huyo ana kazi ya kudumu. Siku hizi serikali yenyewe inasema ruksa.

Yeye ana mtaji, mimi nina ujuzi, na sisi wawili tuna ardhi. Nimepiga hesabu ya miamba ya Buswelu kichwani, nakumbuka kila jabali. Mahali pazuri ni hatua arobaini juu ya kisima cha Baba. Naomba ridhaa yako.

Mdogo wako,
Alexander


Buswelu
3 Julai 1994

Mdogo wangu Alexander,

Marahaba. Mimi mzima, ng'ombe wazima, kisima kizima.

Miezi mitatu umekaa na jambo hilo kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, akitabasamu mezani ili wenzake wasijue. Ungeniambia. Mimi sikulipwa mshahara hata siku moja maishani, ningekufundisha namna ya kuishi bila mshahara.

Sasa hilo la kisima. Wewe ulikuwa mgongoni mwa Mama, hukuona. Mimi ndiye niliyemshikia Baba kamba mwaka ule wa ukame. Watu walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Baba akaingia kweli, akatoka na maji. Kamba ilikuwa ya pima sita alipofika kwenye mwamba. Watu wakamwambia endelea, bado kidogo. Akakataa. Akateremsha jiwe bapa, pana kama ungo, akalilaza chini akasema: hapa ndipo mwisho, asipite mtu. Sikumuuliza kwa nini. Siku zile mtoto hakumuuliza baba yake kwa nini.

Na utaratibu aliouacha unaujua. Kila Septemba, kabla ya mvua, wote wanaochota wanakuja kuzibua. Wanatoa tope mpaka jiwe lionekane, wanaliosha, wanapanda juu. Asiyekuja hanyimwi maji, kisima hakinyimi mtu. Ila huchota wa mwisho, nyuma ya watu wote, mpaka Septemba nyingine. Wewe umekosa mara kumi na moja. Hata ukija leo na suti yako utangoja nyuma ya watoto wa jirani yangu Odeta.

Sijakataa. Ila niambie, tundu lako litafika wapi chini?

Dada yako,
Dorcas


Dar es Salaam
29 Julai 1994

Dada Dorcas,

Shikamoo.

Tundu litafika mita sitini, pengine sabini. Maji ya huko hayana uhusiano na maji ya kisima cha mkono.

Kuhusu jiwe, Dada, hizo pima sita ni mita kumi na moja tu, na jiwe ni jiwe. Baba alichoka, mikono ilimtoka malengelenge, akalaza jiwe akalipa heshima ili asionekane ameshindwa. Mimi nimesomea kazi hii. Siwezi kumwambia Bwana Farouk kwamba mradi unasubiri ruhusa ya mizimu.

Na sitakuficha tena: mkataba tulikwisha kuutia saini mwezi wa Aprili. Nilijua hutakataa. Mtambo umekodishwa kwa siku ishirini za Septemba.

Nitakuletea khanga ya kisasa.

Alexander


Buswelu
20 Agosti 1994

Alexander,

Mimi mzima, ng'ombe wazima, kisima kizima.

Barua yako ya Juni ilikuwa ya kuniomba au ya kunijulisha? Nimeisoma tena. Umeandika "naomba ridhaa yako" kwa mwandiko mzuri sana, na wino wa mkataba ulikwisha kukauka. Nimeumia, nakuambia wazi ili usije ukasema sikukuambia. Mizimu mimi sikuitaja. Mimi ni mtu wa kanisa, na nilikueleza alichosema baba yetu mzazi, tena akiwa na akili zake na tope mpaka magotini.

Chimba. Ninakubali kwa mambo mawili. Kisima cha zamani kisiguswe, na anayechota pale asiulizwe kitu na mtu yeyote.

Tena uwepo siku ya kuzibua. Itakuwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba.

Dorcas


Shinyanga
15 Januari 1995

Dada Dorcas,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya.

Nisamehe kwa kuondoka Ijumaa ile, siku moja tu kabla ya kuzibua. Mtambo ulikuwa unadaiwa huku Shinyanga na dereva hakukubali kungoja. Najua, najua: kumi na mbili sasa.

Lakini uliyaona maji? Yalivyoruka watu wakakimbia kama wameona nyoka, halafu wakarudi na sufuria! Farouk anasema boza linakwenda Pasiansi safari nne kwa siku na bado watu wanagombana. Kioski cha kuuzia maji pale Buswelu, kule chini barabarani, anakisimamia binti yake, Bushra, amemaliza kidato cha nne juzi juzi na ana akili ya hesabu. Sasa tumepata kazi ya visima vitatu huku. Nilidhani nimetupwa, kumbe nilikuwa nafunguliwa mlango.

Sema unachohitaji, nitatuma.

Alexander


Buswelu
10 Machi 1995

Mdogo wangu Alexander,

Marahaba. Mimi mzima, ng'ombe wazima.

Khanga nimeipata, na sukari nimeipata. Nimefurahi kusikia mambo yako yanakwenda. Mama Lameki wa kwaya anakusifia kanisani kana kwamba ni yeye aliyekuzaa.

Nina swali, ni la kujifunza tu, kama tulivyokuwa tukiuliza kwenye elimu ya watu wazima. Mtu akichimba chini kuliko mwenzake, yale maji ya mwenzake huenda wapi?

Dada yako,
Dorcas


Shinyanga
2 Mei 1995

Dada Dorcas,

Shikamoo.

Umenichekesha! Swali lako ni zuri kuliko maswali ya vijana wangu hapa. Jibu ni kwamba hayaendi kokote. Maji ya juu na maji ya chini ni kama wapangaji wa ghorofa mbili tofauti, kila mmoja na mlango wake. Fundi akifanya kazi yake vizuri hawakutani kamwe.

Naandika kwa haraka, gari linaondoka. Nimeweka noti kidogo ndani ya bahasha. Nunua dawa ya mgongo.

Alexander


Buswelu
30 Septemba 1995

Mdogo wangu Alexander,

Marahaba. Mimi mzima, ng'ombe wazima.

Mwaka huu hatukuzibua. Watu wamechoka, na wengine walikuwa shambani. Basi hukukosa chochote, hesabu yako inabaki kumi na mbili.

Asante kwa dawa ya mgongo. Jua ni kali huku na mvua haina dalili. Nakuombea katika safari zako za magari mabovu. Usiache kula.

Dorcas


Mwanza
8 Novemba 1995

Bwana Alexander Mhoja,
Shinyanga

Shikamoo mzee. Mimi ni Bushra, binti wa Bwana Farouk. Baba amesafiri, ndiyo maana nakuandikia mwenyewe. Nisamehe kama navuka mipaka.

Kioski cha Buswelu kinaendelea vizuri. Wachotaji wameongezeka karibu mara tatu tangu Februari. Mwanzoni nilifurahi. Sasa kuna jambo linanisumbua. Yupo mama mmoja mtu mzima, anafika alfajiri kabla sijafungua, anapanga foleni kama wengine na ndoo mbili. Moja anakwenda nayo kwake, ya pili anampelekea jirani yake mwenye watoto wanne. Hajawahi kuniomba kupunguziwa wala kuchota bure. Jana nilimwuliza jina niandike daftarini, maana kuna wateja wa kila siku tunawapa punguzo. Akasema, "Andika mama wa ndoo mbili." Mwenzake wa nyuma ndiye aliyesema ni Dorcas Mhoja.

Nikasema labda ni majina tu yamefanana. Nikamwuliza kama ana ndugu aitwaye Alexander. Akajibu, "Ninaye, yuko mbali, ana kazi nyingi," akabeba ndoo zake.

Mzee, mimi nimeambiwa nyumbani kwenu kuna kisima. Sikuelewa kwa nini anunue maji. Nikaona nikuulize wewe.

Wako mtiifu,
Bushra Farouk


Shinyanga
15 Novemba 1995

Dada,

Shikamoo. Nimepata barua ya Bushra. Nimetoa barua zako zote sandukuni nikazipanga kitandani kwa tarehe. Za mwaka jana zinasema mimi mzima, ng'ombe wazima, kisima kizima. Kuanzia Machi zinasema mimi mzima, ng'ombe wazima, halafu nukta.

Nilizisoma zote zilipofika. Sikuona.

Niambie ukweli. Kisima kiko wapi?

Alexander


Buswelu
4 Desemba 1995

Mdogo wangu Alexander,

Marahaba.

Kisima kipo palepale, ila hakina maji. Wiki ya pili baada ya mtambo wako kuondoka kamba ilianza kupungukiwa, tukaongeza pima. Krismasi tulikuwa tunakwangua. Februari nilimteremsha kijana wa Kashindye akaniambia, mama, jiwe ni kavu, naweza kukaa juu yake na kaptura yangu. Nikamwambia panda. Nilikaa pale ukingoni mpaka jua likazama. Sikuwa na mtu wa kumlaumu nisiyempenda.

Kwa nini sikukuandikia? Ulikuwa umetupwa kazini ukasimama tena. Barua zako zilikuwa na kicheko. Nikasema nikimwambia atavunjika, na maji hayatarudi kwa yeye kuvunjika. Nikakutupia swali moja nione kama utashtuka. Ukanijibu habari za ghorofa. Basi nikanyamaza, nikawa nanunua maji kwa pesa ulizokuwa ukinitumia. Kila nikilipa nilikuwa najiambia, Dorcas, pesa ya Alexander imerudi kwa Alexander. Nilicheka mwanzoni.

Sasa nitakuambia jambo ambalo si la kucheka. Mwezi wa kumi nilikwenda Magu, msiba wa shangazi. Siku nne. Ile ndoo ya pili ambayo Bushra anakuambia ilikuwa ya Odeta. Mume wake hana kazi tangu kiwanda kifungwe. Odeta anaona haya kuomba, na mimi sikumwachia kitu, nilisahau, nilikuwa na haraka ya gari. Siku ya pili akachota kwenye lambo, mahali ng'ombe wanaposimama. Masalu wake, yule mdogo wa miaka mitatu aliyekuwa akinifuata nyuma akishika khanga yangu, aliharisha na kutapika usiku mmoja na mchana mmoja. Nilirudi nikakuta wamekwisha kumzika.

Odeta hajanilaumu. Ananisalimu kama zamani. Hilo ndilo linaloniua.

Barua yangu ya Septemba nilikudanganya. Watu hawakuchoka. Walikuja wote na majembe na ndoo, wakasimama kuzunguka kisima, na hapakuwa na tope la kutoa.

Dorcas


Shinyanga
6 Januari 1996

Dada yangu Dorcas,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne na kuichana.

Wewe umesema yako yote. Na mimi niseme yangu.

Tundu lile lilitakiwa livalishwe bomba la chuma kutoka juu mpaka mita thelathini, na pembeni pazibwe kwa saruji, ili maji ya juu yasiingie. Hiyo ndiyo kazi ya fundi niliyokuandikia kwa majigambo. Bomba tulilokuwa nalo lilitosha mita saba tu. Mengine yalikuwa yamekwama njiani, na mtambo ulikuwa unahesabiwa siku. Usimlaumu Farouk. Aliniuliza, "Fundi, itatosha?" Nikamjibu itatosha. Nilikuwa mtu aliyefukuzwa kazi, Dada, nilitaka mtu mmoja anione ninajua.

Tulipofika mita ya kumi na nne maji yalianza kutiririka kutoka kwenye ufa wa ukuta wa tundu. Nilifurahi. Niliandika daftarini: maji zaidi. Daftari hilo ninalo hapa mezani. Yale yalikuwa maji ya Baba.

Sasa naelewa na lile jiwe. Baba alipofika kwenye mwamba aligonga akasikia. Mwamba ule ni kama chungu, maji yamekaa ndani yake kwa sababu chini hapana tundu. Alijua akigonga zaidi atautoboa. Hakuwa na cheti chenye mhuri, akatumia jiwe, na mimi nikasema alikuwa amechoka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Guu langu ni zima. Aliyelipa ni mtoto wa Odeta.

Nimeuliza wakubwa wangu wa zamani kama ufa ule unaweza kuzibwa. Wanasema mwaka mzima umepita, maji yamekwisha kujitengenezea njia. Hayatarudi.

Nimekwenda Mwanza nikaonana na Farouk. Sikupita Buswelu. Sikuweza. Nilimwambia yote mbele ya Bushra. Akasema marehemu baba yake alikuwa na mtungi mlangoni pa duka, kwa ajili ya wapita njia, na hakuwahi kumwuliza mtu amekunywa kiasi gani. Tumekubaliana hivi: boza litaendelea kwenda Pasiansi, ila kioski cha Buswelu kifungwe. Tutasakafia kisima cha Baba kwa saruji, chini na kuta, kisha bomba litoke kwenye tangi na kumwaga ndani yake. Watu watachota kwa kamba kama walivyozoea, bila kulipa. Dizeli ya kusukuma maji hayo itatoka kwenye fungu langu maisha yangu yote, na imeandikwa hivyo katika mkataba mpya. Naambatanisha. Safari hii sijautia saini. Nafasi ya kwanza ni yako.

Ukikataa nitaelewa.

Kwa Odeta sijui niandike nini.

Alexander


Buswelu
8 Septemba 1996

Mdogo wangu Alexander,

Marahaba. Mimi mzima, ng'ombe wazima.

La tatu siwezi kuliandika kama zamani. Kisima kina maji, lakini kinaishi kwa kulishwa, kama mgonjwa. Mashine ikinyamaza siku mbili na chenyewe kinanyamaza. Maji yake yana ladha ya chuma. Wazee wanasema hawajayazoea. Hata hivyo wanakunywa, na hakuna mtu anayekwenda lamboni.

Mafundi walifanya kazi nzuri. Walitaka kulizika jiwe la Baba chini ya saruji, nikawakatalia. Nimelipandisha, liko hapa ukingoni, tunatua ndoo juu yake.

Siku ya kwanza ya maji hayo Odeta hakuja. Ya pili hakuja. Siku ya tatu alikuja peke yake jua likiwa limepanda, akachota, akakaa juu ya jiwe, akalia mpaka akamaliza. Nilikaa naye. Halafu tukajitwika tukaenda. Barua yako ya Januari nilimsomea mwanzo hadi mwisho, hata pale pa daftari. Alisema tu, "Naye aje aseme kwa mdomo."

Umetuma saruji, umetuma bomba, umetuma mafundi na mkataba. Mwenyewe hujatokea.

Siku ya kuzibua ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Tope hakuna, lakini watu wamekubaliana tuje hivyohivyo, tusugue saruji kwa mchanga na tuoshe jiwe. Wengine wameniuliza kama wewe utaruhusiwa. Nimewajibu kisima hakinyimi mtu.

Njoo. Beba ndoo yako mwenyewe, sina ya kukuazima. Utashuka usugue kama wengine. Kisha utachota wa mwisho, Alexander, nyuma ya watu wote, na mbele yako atasimama Odeta.

Dada yako,
Dorcas